Faili Namba 214

Kwa mara ya tatu wiki hiyo, faili namba 214 lilikuwa limerudi juu ya rundo.

Bi Desimali alisimama mlangoni, mkoba bado begani, akalikodolea macho. Jana kabla ya kuondoka alilifukia chini kabisa, kwa mkono wake mwenyewe, chini ya mafaili thelathini. Na mafaili hayana miguu.

Jina la Desimali alibandikwa na wanafunzi wake wa hisabati, kwa kuwa hajawahi kumwongezea mtu hata nusu alama. Mwaka huu alikuwa kwenye kamati ya kuchagua wanafunzi wapya wa chuo cha ufundi wa mitambo. Waombaji walipita mia tatu, nafasi zilikuwa arobaini. Thelathini na tisa zilishajaa. Ilibaki moja.

"Nani huwa anaingia humu asubuhi?" alimuuliza sekretari.

"Mimi, wewe na Mwenyekiti," sekretari alijibu bila kuinua uso.

Alikuwa akikata vipande vya karatasi nyeusi ya gundi. Chuoni hapo jina la mwombaji na la shule yake huzibwa siku faili linapoingia, na karatasi hiyo haibanduliwi mpaka kura ipigwe, ili watu wasibebane. Juu ya hapo, kila mjumbe husaini fomu kwamba hana ndugu miongoni mwa waombaji. Bi Desimali alisaini siku ya kwanza, tena kwa wino wa kukolea. Fomu ya Mwenyekiti hakuwahi kuiona.

Na Mwenyekiti alikuwa na mpwa wake aliyemaliza shule mwaka huohuo. Alimtaja mara mbili wakati wa chai, na mara zote mbili akageuza mazungumzo haraka.

Bi Desimali alilifungua faili. Mtihani wa taifa wa kuingia vyuo: hamsini na nane. Aliyekuwa anagombea naye ile nafasi, namba 87, alikuwa na tisini na nne. Hapo kulikuwa na nini cha kujadili? Lakini 214 alikuwa ameambatanisha barua iliyopigwa chapa, na pembeni mwa barua kulikuwa na mistari mizito ya penseli. Penseli ile ilikuwa ya Mwenyekiti.

"Nyumbani wanajua kila mchana niko tuisheni," barua ilisema. "Ninakuwa kwa fundi wa pampu za maji. Kwa miaka mitatu nimefungua pampu sitini na moja, na zote nilizirudishia zikafanya kazi. Mbele ya karatasi ya mtihani mikono yangu haina cha kushika. Sina kisingizio kingine."

"Mjanja huyu," Bi Desimali alinong'ona. "Anawadanganya wazazi wake, halafu anajisifia."

Jioni, binti yake alimpakulia chakula, akakaa naye mezani.

"Kesho ndiyo mnamaliza, mama?"

"Kesho. Na kuna mkubwa mmoja nitamuumbua. Anataka kumpitisha mtoto wa dada yake mlango wa nyuma."

Binti alicheka kidogo, akainuka kwenda kuosha vyombo.

Kesho yake walikaa watatu: Mwenyekiti, mkuu wa karakana na yeye.

"Alama zinatuambia mtu alikuwaje asubuhi moja," Mwenyekiti alisema. "Huyu 214 anatuonyesha miaka mitatu."

"Ni kweli," mkuu wa karakana alisema. "Mimi nina wenye tisini kibao, spana hawajui inashikwa wapi."

Bi Desimali alivua miwani, akaifuta polepole. "Barua mtu anaweza kuandikiwa na mjomba wake," alisema, akimtazama Mwenyekiti usoni. "Mtihani haumjui mjomba wa mtu. Binti yangu kaufanya huohuo, kapata themanini na tatu, anakwenda zake uuguzi. Hakubebwa na yeyote."

"Una maana gani?"

"Nauliza tu kwa nini faili moja humu lina tabia ya kutembea."

"Mimi ndiye ninayelirudisha juu," Mwenyekiti alisema. "Kila nikija nalikuta chini. Niliogopa lisije likasahaulika."

Alikubali upesi mno. Mtu asiye na lake jambo angekasirika kwanza, Bi Desimali aliwaza, na moyo ukamdunda kwa ile raha ya kumfuma mtu.

Mkuu wa karakana alikuna kidevu. Barua ilimgusa, hilo lilionekana wazi, ila alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. "Kama kuna undugu humu, mimi simo," alisema. "Nakwenda na alama."

Ikawa kura mbili kwa moja. Namba 87 alipata nafasi. Mwenyekiti alichukua muhuri mwekundu na kuligonga faili la 214: AMEKATALIWA. Nafasi ya kuomba chuo hicho hutolewa mara moja tu.

"Mpe sekretari abandue, aandike barua," alisema kwa sauti ya uchovu.

"Nitabandua mimi," Bi Desimali alisema. "Hapahapa, sote tukiona."

Mwenyekiti alimsogezea faili bila wasiwasi wowote. Hilo nalo Bi Desimali alilitilia shaka.

Aliingiza ukucha chini ya karatasi nyeusi, akaivuta taratibu, macho yake kwa Mwenyekiti mpaka ilipobanduka yote. Ndipo akainama kusoma. Yalikuwa majina matatu, na lile la kwanza alilichagua yeye mwenyewe, miaka kumi na minane iliyopita, akiwa bado amelala kitandani wodi ya wazazi.