Asiyekuwa na Siri

Siku hizi anayeomba kutunza siri za dola hutakiwa asiwe na yake hata moja, na taa ya serikali huja kuwauliza jamaa zake. Kwetu iliingia ikielea kama mwezi mdogo. Nikasahau chai mkononi.

“Bibi, mjukuu wako Mahfudhi anaficha nini?”

“Hana la kuficha. Mpenzi wake ni mwanamume, Sudi, huyo hapo anamenya mihogo.”

“Mtaa mzima unajua,” Sudi akacheka. “Wewe tu ndiwe uliyechelewa.”

Taa ikageuka kijani, nyumba ikang’aa hadi darini. Subhanallah! Mahfudhi akapata kibali.

Jioni ya kwanza aliporudi kutoka kazini, nikamwambia, “Kitendawili.”

“Tega, bibi.”

“Leo umefanya nini huko?”

Akamtazama Sudi, akanitazama mimi.

“Nakupa mji,” akasema.

Tangu utotoni hakuwahi kunipa mji.