Yumo

Tunu alikuja kuchukua sauti ya marehemu mumewe, Makame, kabla kompyuta kuukuu ya ofisi haijazimwa moja kwa moja. Makame alikuwa ameacha njia fupi tu ya kulifikia faili la sauti hiyo: nukta mbili, kisha neno “sauti”. Nukta mbili ni kupanda kwa mzazi, yaani folda iliyo juu yake, lakini mzazi wa nani? Njia fupi huanzia pale aliposimama mwandishi wake, na Makame hakusema alisimama wapi.

“Umeshaingia kila folda ya kazi, shemeji,” alisema Haji, fundi aliyekuwa akifanya kazi na marehemu. “Bado jikoni tu.”

Tunu akaingia folda yenye jina lake mwenyewe, akaiita programu ya Makame ya kugeuza njia fupi kuwa kamili, tangu mzizini, folda ya kwanza kabisa. Njia nzima ikajipanga kwenye kioo. Chini yake, mahali ambapo programu huandika “Limo” faili likipatikana, pakaandikwa “Yumo”.

Haji akacheka. “Makame na ngeli zake!” Akaifungua programu alitafute neno hilo alirekebishe. Halikuwamo.

Tunu aliinakili sauti bila kuisikiliza. “Haya, zima.”

Kidole cha Haji kilifika kwenye swichi kikasita. “Zima wewe. Alikuwa rafiki yangu.”

“Na kwangu alikuwa nani?”

Hakuna aliyezima. Kwenye kioo, njia ilianza kujiandika tena tangu mzizini, herufi moja moja, kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta.