Nimekula Nyumbani

Kuku mzima wa kienyeji, pamoja na mchuzi wake, alitua kwenye ndoo ya taka, na Fausta akaipiga ile ndoo teke.

"Huyo ni wa tatu wiki hii," alisema Fides, mpangaji wa chumba cha pili, akichungulia mlangoni. "Si ungenipa mimi, shoga?"

Fausta hakucheka. Ilikuwa wiki ya tatu sasa Danford hagusi chakula chake. Anafika, anakaa ukingoni mwa kitanda, anatazama simu, na akiwekewa sahani anajibu neno lile lile. Jana lilimtoka tena.

"Nimekula nyumbani."

"Nyumbani?" Fausta alipaza sauti mpaka majirani wakapunguza redio. "Na hapa ni wapi, Danford? Forodhani kwenye malori yako?"

Danford alijikuna shingo, kisha akaanza kueleza, jambo ambalo mtu mwenye akili asingelifanya. Alisema mkewe, Restuta, siku hizi anapika mapema. Ugali, maharage, majani ya maboga, basi. Wanakaa wote mkekani, watoto kwa wakubwa, simu zinafungiwa kabatini, kila mmoja anasimulia siku yake. Presha imeshuka, daktari mwenyewe kashangaa. Usingizi anaupata. Aliyasema hayo yote mbele ya kuku aliyechemka saa tatu nzima, kisha akachukua koti lake na kutoka, hata mahali alipokaa hapajapata joto.

Restuta! Fausta alimjua, tena si kwa kusimuliwa. Walikulia wote Igamba, wakachuma kahawa shamba moja. Tangu enzi hizo Restuta alikuwa mtu wa kusifiwa: Restuta mtulivu, Restuta ana mkono wa jikoni, Restuta hivi, Restuta vile. Sifa zile zilimchoma Fausta tangu akiwa msichana, na sasa zimemfuata mpaka Tunduma kumnyang'anya mwanamume. Tena kwa maharage. Angenyang'anywa kwa urembo, angalau angejua pa kuanzia.

"Miaka miwili namlisha," alimwambia Fides, machozi ya hasira yakimlenga. "Kuku, wali wa nazi, samaki wa kutoka Nakonde. Leo nashindwa na maharage?"

"Ndilo kosa lako hilo. Kwako kila siku sherehe. Mtu ametoka kuhangaika na malori mpakani, anataka kitu chepesi na watu wa kula nao. Wewe unampakulia halafu unamkodolea macho kama unamsimamia mtihani."

"Fides, usinichefue."

"Nakwambia ukweli. Nenda kamtoe mumeo huko. Kwani huyo mwanamke anajua kama upo?"

Fausta alikaza kilemba. "Yule? Hajui lolote. Maisha yake yote ni mwiko na sufuria."

Alipanda bodaboda kuelekea Mpemba, nyumbani kwa Restuta, jua likizama, akipita pembeni ya foleni ya malori isiyoisha. Njia nzima aliyapanga maneno yake. Kwanza ataipindua sufuria. Halafu atasema yote, neno kwa neno, watoto wasikie na majirani wasikie. Mwisho atamgeukia Danford amwambie achague hapo hapo. Ama anaondoka naye jioni hii, ama asikanyage tena kwake. Alikuwa anampenda yule mwanamume kuliko alivyotaka, na hilo ndilo lililomtia hasira zaidi.

"Sista, mbona unaongea peke yako?" aliuliza dereva.

"Endesha pikipiki yako."

Nyumba ilikuwa na taa sebuleni na pazia halikuvutwa. Hata kabla hajafika mlangoni, harufu ikamfikia: maharage yaliyoungwa kwa karanga, na kitunguu kilichoachwa kikaiva taratibu. Ilikuwa harufu ya Igamba, ya jioni za mvua. Tumbo lake likanguruma, maana hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi. Akaichukia njaa yake, akamchukia na mpishi.

Ndani mtu alisema kitu, na wote wakacheka. Kicheko cha Danford kilikuwa humo. Kwake Fausta, Danford hakuwahi kucheka hivyo, hata siku alipopikiwa samaki wa Nakonde.

Hakupiga hodi. Alisukuma mlango kwa mguu, ukagonga ukuta.

Walikuwa wanne mkekani. Msichana, mvulana, Restuta akiwa na mwiko mkononi, na Danford na tonge lake la ugali lililokuwa limeishia nusu ya safari. Likamwangukia mapajani.

Fausta alivuta pumzi. Tusi la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Mama! Mama mdogo amekuja!" Ruti aliruka kutoka mkekani, akamkumbatia Fausta kiunoni kwa nguvu. Kaka yake, Luka, akakimbilia kumpokea pochi.

Restuta hakushtuka. Alifuta mikono kwenye kitenge chake, akavuta sahani ya tano iliyokuwa pembeni yake, tayari imeoshwa, akakata ugali, akamwagia maharage.

"Karibu, mdogo wangu," alisema kwa sauti ile ile ya mama yao. "Baba Ruti, sogea, mpishe shemeji yako akae."