Jiwe Lenye Joto

Lilikuwa sinki la tatu kung'oka ndani ya miaka miwili. Fundi Semkiwa aliinama chini ya kaunta, akapapasa kiungo, akainuka akifuta mikono.

"Dada, hili halikupasuka. Limesukumwa. Jiwe halikujui."

Nilimwelewa. Nyumba inapojengwa, mwenye jiko hutia nywele zake kwenye mchanganyiko wa zege kabla kaunta haijamwagwa, na tangu hapo jiwe humtambua yeye na kujiponya mikwaruzo. Kaunta hii ilimwagwa enzi za Mwanaidi, mke wa kwanza wa mume wangu, Kibwana.

"Basi gundi ichanganye na nywele zangu," nilisema, nikivua mtandio.

"Mpaka jiwe lipoe kwanza. Mwenye nywele akihama, wiki moja tu limeshapoa. Mwenzio alihama lini?"

"Kibwana aliniambia Mwanaidi alirudi kwao Korogwe, kabla hajanioa."

Fundi aliweka kiganja juu ya kaunta. Kisha akaushika mkono wangu, akauweka palepale. Jiwe lilikuwa na joto kama shingo ya mtu.

"Hili ni joto la mtu aliyelala humu jana," alisema, akaanza kukusanya vifaa vyake. Sinki jipya aliliacha kwenye boksi.

Nilibaki nimesimama jikoni. Jana niliacha sahani chafu kwenye beseni. Sasa zilikuwa kwenye kichanja, zimepangwa, zimekauka. Kila asubuhi huzikuta hivyo. Miaka miwili nimekuwa nikimshukuru Kibwana, naye huitikia tu, "Haya."