Herufi Kubwa

Kila Jumapili Zamda aliingia kwenye laptopu ya baba yake kupitia simu yake, amkuzie herufi za kwenye skrini, maana macho ya mzee yalikuwa yamefifia. Baba aliishi peke yake mji wa mbali. Jumapili hii pia waliongea kwa spika ya simu.

“Zimetosha, baba?”

“Ongeza kidogo, mama.”

Mara kikasikika kishindo upande wa baba. Zamda aliita, akaita tena.

“Mpigie jirani yake,” alimwambia mumewe aliyeketi kando yake.

Akaiwasha kamera ya laptopu ile. Aliona ukuta na kiti kitupu. Akafungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya baba, akaandika: BABA, UKO WAPI?

Mkono ukapanda polepole kutoka chini ya meza, ukapapasa kuelekea kibodi, ukatulia hapo kama umelalia kitufe. Chini ya maneno ya Zamda ikatokea herufi n, kisha nyingine, mpaka zikajaza mstari, na bado zikawa zinaendelea.