Shimo la Nyuma ya Jiko

Yule mwanaume wa Kasuku hakuuliza shimo liko wapi. Aliegesha mkokoteni wake mbele ya nyumba, akasalimu, akazunguka moja kwa moja hadi nyuma ya jiko, koleo begani. Mama Victorine, aliyekuwa akipepeta mchele, alibaki ameushika ungo bila kuutikisa.

"Nani amekuonyesha?"

"Mashimo yote ya Kindu iko nyuma ya jiko, mama," mwanaume alijibu, akaanza kuchimba.

Jibu lilikuwa jibu, lakini halikumwingia.

Mambo yenyewe yalianza pale komine mbili jirani za mji wa Kindu, Kasuku na Mikelenge, zilipochoka kusukumiana uchafu. Kwa miaka mingi kila moja ilitupa takataka zilizozidi mashimo ya nyumba zake kwenye korongo la mpakani, kisha ikailaumu nyingine kwa nzi na kipindupindu. Sasa wakuu walikuwa wamepatana: jalala moja la pamoja nje ya mji, na mashimo yote ya zamani majumbani yachimbwe, yasafishwe, yafukiwe. Na ili mtu asiruke kiwanja cha mjomba wake, watu wa Kasuku wafanye kazi Mikelenge, wa Mikelenge waende Kasuku.

Wengi walifurahi. Victorine hakufurahi. Kwake yeye, mgeni akishachokora takataka zako, hujabakiza siri.

Mwanaume huyo aliitwa Kambale, jina la watu wa Kivu ya Kaskazini, wenye maduka na malori. Tangu lini mtu wa Kivu akasukuma mkokoteni wa uchafu? Tena Kiswahili chake kilikuwa cha Kindu kabisa, kama cha mtu aliyenyonyeshwa hapa. Na alichimba polepole mno. Wenzake katika viwanja vya jirani walijaza, wakaondoka. Yeye aliinama, akaokota kitu, akakipangusa kwa kidole gumba, akakitazama. Vingi alivitupa mkokotenini. Vichache alivitia katika mfuko wa turubai uliokuwa kiunoni mwake.

"Mama, munakaa hapa tangu wakati gani?" aliuliza siku ya pili, bila kuinua kichwa.

"Tangu vita. Unataka kujua nini?"

"Hapana kitu, mama."

Jirani wa Victorine, Princesse, alipohadithiwa alicheka kicheko cha puani. "Dada, amka! Huyo anatafuta mali. Wakati wa vita watu walizika dhahabu, walizika kasiterite, mawe ya bati ya machimbo ya Kalima, wakakimbia. Wengine hawakurudi. Unafikiri anapenda harufu ya shimo lako?"

Tangu hapo Victorine hakuonja raha. Kambale alipokwenda kumwaga mkokoteni, naye aliteremka shimoni na jembe, akachokorachokora mpaka kucha zikajaa matope. Hakupata ila vigae. Basi vya maana vimekwisha kuingia mfukoni mwa mwizi! Asubuhi iliyofuata alijifunga kitenge chake kizuri, akaenda ofisi ya komine kushitaki.

Alikuja Mama Fifi, mkaguzi wa usafi wa Mikelenge, pamoja na Gédéon, mkuu wa kikosi cha Kasuku. Walifika wameshaanza kugombana.

"Kama watu wako wanaiba katika nyumba za watu," Mama Fifi alisema, "mapatano yanavunjika leo. Kila komine ibaki na uchafu wake!"

Gédéon alimgeukia Kambale. "Mwaga mfuko huo chini. Ikiwa ni wizi, kazi umepoteza."

Kambale alisita. Ua ulikuwa umejaa majirani, na Princesse mbele yao, shingo kaitoa kama kanga. Hatimaye alifungua kamba, akaumwaga mfuko: kijiko kilicholiwa na kutu, ndala moja ya mtoto, kipande cha kioo cha taa, na kikombe kidogo cha bati chenye ua la buluu.

Watu waliguna. Hapakuwa na dhahabu.

"Ni vyangu!" Victorine alisema, sauti ikimpanda. "Kila kitu cha kiwanja hiki ni changu. Aviache!"

"Lakini mama," Mama Fifi alishangaa, "hizi si takataka? Si wewe mwenyewe ulizitupa?"

Victorine alikikaza kitenge chake kiunoni.

Kambale alipiga magoti, akakiokota kile kikombe, akakitoa udongo kwa upindo wa shati.

"Mama mkaguzi anasema kweli, njo mama huyu alivitupa," alisema taratibu. "Alivikuta ndani ya nyumba yetu siku alipoingia, siye tukiwa tumekimbilia porini. Nyumba abaki nayo, sikuijia. Miye naomba kikombe tu. Mtoto wangu Kyakimwa alikuwa anakinywea uji, na hatuna hata picha yake."