Jina Lililobaki

Mwanaheri alikuwa bado mwanagenzi wa kuihoji hifadhidata ya wachangia damu ya hospitali. Mara ya kwanza aliweka "au" kati ya masharti palipotakiwa "na", nayo ikamtapikia majina ya mji mzima.

"Fanya hima, mwanangu, mzazi anaishiwa damu!" mkunga alimhimiza mlangoni.

Akaandika upya, sharti juu ya sharti: ana damu ya kundi O hasi, na hajachangia karibuni, na anaishi jirani. Akabonyeza. Likabaki jina moja.

"Nimekupata!" Akaruka kitini, akapiga simu.

Ikaita chini ya dirisha lake. Muuza mahindi ya kuchoma akapokea, akasikiliza, akajipangusa ndimu mikononi, akaja mbio huku akikunja mkono wa shati. Kwenye jiko lake la mkaa hindi likaanza kuungua, na hakuna aliyeligeuza.